Ubani bila moshi

Juzi nimefika kwa mama jioni, saa kumi na nusu hivi, viatu bado viko miguuni, mama kanishika bega kaninusa shingoni alafu kaniuliza, "Kafa nani?"

Hakuwa anatania. Uso ulishambadilika, na mkono wake pale begani nikausikia umekuwa mzito. Nikamwambia hajafa mtu mama, ni mafuta tu nimejipaka, kaniletea wifi kutoka Muscat. Akashusha pumzi, akakaa barazani, akasema, "Sasa we mwanangu, ndo ujipake ubani ukatembee nao njiani?" Kisha akaninyamazia mpaka maji ya chai yakachemka.

Tangu siku hiyo nina hamu ya kuandika habari za haya mafuta, maana yamenikalia kichwani kuliko nilivyotegemea, na swali la mama lilikuwa swali la haki kabisa. Mtu aliyekulia Unguja ukimpitishia harufu ya ubani puani lazima kwanza afikirie msiba. Udi ndo wa furaha, udi unafukizia nguo za harusi, unafukizia nywele, unafukizia chumba mume akirudi safari. Ubani una kazi nyingine. Ubani ni wa hitma, wa maulidi, wa mzazi aliye ndani ya arubaini yake, wa kufukuzia vitu visivyotajwa usiku, na ni wa maiti. Mpaka neno lenyewe limeshaingia msibani likakaa, mtu akifiwa tunasema tunakwenda kutoa ubani, unachukua bahasha unatia noti zako mbili tatu unampa mfiwa mkononi, na ndani ya hiyo bahasha hamna hata chembe ya ubani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuacha. Bibi alipofariki, mwaka 2019, chetezo kilikuwa pale miguuni kwa kitanda na mimi ndo niliyekuwa natia kaa, kila kaa likififia naambiwa tia jengine, nikawa natia, moshi unaniingia machoni na sikujua tena nalia kwa moshi au kwa bibi. Baada ya siku ile nikawa siwezi. Kwenye maulidi nakaa mlangoni. Nyumbani kwangu nina chetezo kizuri cha udongo, zawadi ya harusi, kimeona udi tu.

Kwa hiyo wifi aliponipa hichi kichupa na kunambia "kina ubani na tini" nilikipokea kwa adabu nikakitia kwenye droo. Kikakaa humo wiki tatu nzima.

Ni kichupa kidogo, robo tola. Kwa wasiojua, tola moja ni kama gramu 11.66, kwa hiyo robo ni gramu 3 hivi, kinaingia kwenye kiganja ukafumba mkono mtu asijue umeshika kitu. Kifuniko chake kina kijiti cha kioo kimeungana nacho, ndo unachopakia. Mafuta yenyewe rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mazito, ukikiinamisha kichupa yanateremka taratibu yanaacha mstari kwenye kioo. Karatasi imeandika vitu vinne, ubani, tini, jawi na labdanamu, hizi mbili za mwisho nazo ni utomvu wa kunukia. Basi.

Siku niliyoyafungua ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wako chuoni kwenye Kurani, nyumba kimya. Nikapaka tone moja tu ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto, pale mshipa unapopiga, sikusugua. (Tafadhalini msisugue, tunafundishwa tangu utotoni kusugua mikono miwili pamoja lakini ngozi inapata moto na ile harufu nyepesi ya mwanzo inaondoka kabla hujaionja.)

Nikasubiri moshi. Haukuja.

Kilichokuja ni kijani. Yaani sijui niseme vipi, kama umevunja kikonyo cha papai bichi na ule utomvu mweupe umekudondokea mkononi, ukali ule ule wa jani, uchungu kidogo, na nyuma yake kuna utamu wa mbali unaofanana na kitale, ile nazi ambayo si dafu tena na haijawa nazi, nyama yake bado laini. Hiyo ndo tini. Mi nilitegemea tini kavu za Ramadhani, zile zilizobanwa kwenye boksi, tamu kama sukari guru, kumbe tini iliyomo humu ni ya mti mzima, jani na gome na maziwa yake.

Na hii nilikuwa naijua, tatizo nilikuwa sikumbuki naijulia wapi. Baadae ndo ikanijia. Mwaka juzi nilipokwenda kumtembelea wifi, uani kwake kuna mtini mmoja umeegemea ukuta, majani yake mapana yenye vidole, ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Nilikata jani moja bila kufikiri, yakanitoka maziwa vidoleni, wifi akapiga kelele, "Nenda kanawe, usikae na hayo juani!" Kumbe kweli, utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi na jua likaupiga ngozi inababuka. Sababu hiyo hiyo watengeneza manukato duniani wamezuiwa kutumia dondoo halisi ya majani ya mtini. Na tunda nalo halitoi mafuta ya kunukia, ukilikamua unapata juisi. Kwa hiyo tini yote unayoisikia kwenye manukato imeundwa, mtu amekaa na vichupa vyake akachanganya kitu cha kijani na kitu chenye maziwa ya nazi mpaka mti ukasimama. Aliyelifanya hilo likajulikana ni mwanamke wa Kifaransa, Olivia Giacobetti, mwaka 1994 alitoa manukato yanayoitwa Premier Figuier kwa kampuni ya L'Artisan Parfumeur, alafu mwaka 1996 akatoa Philosykos kwa Diptyque, na wengi waliokuja na tini baada yake wamepita njia yake. Mi namheshimu sana. Kuunda mti usiokubali kukamuliwa si kazi ndogo.

Turudi kwenye mkono wangu. Dakika kumi hivi zimepita, ile kijani imeanza kulegea, kikaingia kitu chengine kutoka pembeni, kikali lakini kisafi, kama umeminya ganda la ndimu karibu na pua, na pilipili manga iliyosagwa sasa hivi, na ubaridi fulani wa msonobari. Nikanusa nikanusa tena. Nikamwekea mume wangu mkono puani, alikuwa anapita na gazeti, nikamuuliza nanuka au nanukia? Akanusa, akanyamaza, akasema, "Unanukia. Ila sijui unanukia nini."

Nikamtumia wifi ujumbe, hii ndimu imetoka wapi, kwenye karatasi haimo. Akanijibu kwa voisi ndefu ya dakika saba huku nasikia vyombo vinagongana jikoni kwake. Akasema hiyo ndo ubani, wifi yangu. Huo ndo wenyewe. Ule unaoujua wewe ni ubani unaoungua.

Nilikaa na hilo neno kwa muda.

Maana ni kweli na sikuwahi kulifikiria. Miaka yote hii sijawahi kuunusa ubani, nimenusa moshi wake. Mafuta ya ubani yanapatikana kwa mvuke wa maji, mawe yale ya ubani yanatiwa kwenye chombo, mvuke unapita ndani yake unabeba mafuta, unapozwa, mafuta yanaelea juu. Hakuna kaa, hakuna kuungua. Na kinachojaa ndani ya mafuta ya ule ubani wa Dhofar, kusini ya Oman, ni kitu kinaitwa alfa-pinini, ndo hicho hicho kinachoipa misonobari harufu yake, ndo ubaridi ule. Moshi ni kitu kipya kinachozaliwa pale kaa linapouchoma ubani. Kwa hiyo nilichokuwa nakikimbia tangu 2019 ni kaa, na ubani ulikuwa haujanifanya lolote.

Wifi kwao kiasili ni huku huku Unguja, ila ameolewa Muscat mwaka wa kumi na mbili sasa na amejifunza mambo ya huko vizuri. Kwenye ile voisi alinieleza walivyokwenda Salalah, mji wa huko Dhofar, na watoto, wakapelekwa Wadi Dawkah kuona miti yenyewe, ni bonde la mawe na vumbi, miti mifupi imejikunja, gome lake linabanduka kama karatasi. UNESCO wameliweka lile bonde kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 pamoja na bandari za kale zilizokuwa zikisafirisha ubani. Mvuna ubani anakuja na kisu chake butu wanakiita mangafi, anakwangua gome kidogo tu, si kulikata, na mti unatoa maziwa. Meupe kabisa. Yanatoka tone tone yanakaa pale pale kwenye jeraha, jua linayakausha wiki mbili hivi mpaka yanakuwa mawe, ndo anarudi kukusanya. Na mkwangio wa kwanza wala hauthaminiwi, wa kwanza ni kama kuusafisha mti, uzuri unakuja kwenye mkwangio wa pili na wa tatu. Ulio bora kwao wanauita hojari, unatoka nyuma ya milima kule mvua ya kusi wanayoiita khareef isikofika.

Alafu akasema kitu nikasimamisha voisi nikairudia. Akasema, kwani luban na laban unafikiri ni maneno mawili?

Ubani kwa Kiarabu ni luban. Laban ni maziwa, hata hapa sokoni Darajani watu wananunua laban wakati wa futari. Mzizi mmoja, weupe ule ule. Waarabu waliuona mti unatoa maziwa wakauita hivyo, sisi tukalipokea neno tukaipoteza ile "l" njiani, tukabaki na ubani na hatukujua tena kuwa ndani yake kuna maziwa.

Sasa rudi kwenye kichupa. Mtini unatoa maziwa ukiukata. Mti wa ubani unatoa maziwa ukiukwangua. Aliyechanganya haya mafuta alijua anachokifanya, kaikutanisha miti miwili inayotoka maziwa. Ukinusa ile dakika ya ishirini, ya thelathini, kijani imeshashuka na ndimu imeshatulia, unausikia huo uzito mweupe katikati, laini, haujui ni tini unanusa au ni ubani, umekuwa kitu kimoja. Mi ndo pale ninapopapenda. Panakaa saa moja hivi kwenye ngozi yangu, pengine zaidi kidogo nikiwa ndani kivulini.

Saa sita mchana nilitoka kwenda sokoni, jua la kaskazi mnalijua, jasho likaanza, na hapo ndo mafuta yanaachana na spreji. Spreji ina spiriti, inaruka, inakutangulia mlangoni kabla hujafika. Mafuta hayana spiriti, yanakaa juu ya ngozi yanangoja joto lako, mtu lazima akukaribie ndo ayasikie. Lile joto la sokoni likayaamsha, ikatoka jawi, tamu, kama vanila iliyotiwa kwenye ngano ya maziwa. (Jawi nayo ni ubani kwa jina, luban jawi, Waarabu waliiita ubani wa Java ingawa sana sana inatoka Sumatra, Wazungu wakalisikia lile neno vibaya vibaya mpaka likawa benzoini.) Chini ya jawi kuna labdanamu, hiyo ni nzito, inafanana na asali iliyoshika sufuria kidogo na kabati la zamani lenye vitu vya ngozi ndani. Ni utomvu wa kichaka cha pwani za Mediterania, zamani kule Krete ulikuwa ukiganda kwenye ndevu za mbuzi wakipita kula majani na wachungaji wanazichana ndevu kuupata. Sehemu hii ya mchana sikuipenda sana kusema kweli. Inajaa mno, na jua letu linaizidisha, muuza samaki alikuwa ananitazama. Kama unakaa huku pwani upake asubuhi mapema au upake baada ya alasiri, usipake ukaenda nayo juani.

Alasiri ikapungua. Magharibi nilikuwa nimeshasahau, nimetawadha na kila kitu, nikainua mikono kufunga takbira na ubani ukarudi.

Na safari hii haukuwa ndimu. Vitu vyepesi kwenye harufu yoyote ndo vinavyoruka kwanza, vizito vinabaki, na ubani una vyote viwili, mafuta yake mepesi yanakuja mwanzo na vile vyake vizito vinabaki chini kabisa, ndo maana unausikia mara mbili kwa siku. Huu wa jioni ulikuwa mkavu, wa kimya, kama ukiinamia chetezo asubuhi ya pili yake, kimeshapoa, kaa limekuwa jivu, na kwenye ukingo wa udongo kumeganda kitu cheusi kinachong'aa. Bibi alikuwa akikikwangua kwa ukucha. Nilimwona na ukucha wake wa hina, nikiwa nimesimama kwenye sala, nikashindwa kuendelea na sura niliyokuwa nasoma, ikabidi nianze upya.

Kwasababu kilichokuja na lile kumbukumbu hakikuwa kitanda cha 2019. Yalikuwa maji. Sijui wangapi mnakumbuka hii. Bibi alikuwa na mtungi pembeni ya mlango wa uani, na kabla ya kuutia maji anaupindua mdomo chini juu ya chetezo, moshi wa ubani unaingia mtungini unajaa, anauacha kidogo, anaugeuza haraka anamimina maji na kufunika. Mpaka bilauri za wageni alikuwa akizifukiza hivyo hivyo, anazipindua moja moja. Sisi watoto tukirudi chuoni tunakimbilia ule mtungi, maji ya baridi yana ladha ya kitu ambacho hukioni. Kwetu hiyo ndo ilikuwa ladha ya maji. Ubani niliunywa kila siku miaka yote ya utoto wangu kabla haujawa wa msiba, na nilikuwa nimesahau kabisa, siku moja ya 2019 imeifunika miaka yote ile.

Baada ya hapo nimejipaka kila siku. Na juzi ndo nikaenda nao kwa mama.

Tulipokunywa chai akaanza kuniuliza, taratibu, hivi ni mafuta gani hayo, nani kayatengeneza, yana nini. Nikamweleza habari ya mtini na habari ya maziwa. Nikamuuliza, mama, unaukumbuka mtungi wa bibi? Akacheka, akasema, "We unaniuliza mimi mtungi wa mamangu?" Akanambia kuwa bibi alikuwa na ubani wa aina mbili kwenye vikopo viwili, mweupe wa maji na mwekundu wa shughuli, na ole wako umtilie mwekundu kwenye mtungi. Mi hilo sikulijua. Siku ile ya kitanda mikononi mwangu nilikuwa na kikopo kimoja tu na sikutazama rangi.

Akaninyoshea mkono. "Hebu."

Nikamtia tone moja kifundoni, ngozi yake sasa imekuwa nyepesi, mishipa yote inaonekana, na kavu, kwa sababu ya umri na dawa anazokunywa. Tukangoja wote wawili. Kwangu mimi tini inakaa karibu saa nzima. Kwake haikukaa kabisa, ngozi kavu inayanywa mafuta mara moja, lile jani bichi lilipita kama mtu aliyechungulia mlangoni, dakika mbili tatu basi, na ule ubani mkavu ninaoungoja mimi mpaka magharibi kwake ulikuja hapo hapo. Nikainama nikanusa mkono wa mama na ulikuwa unanukia ule mlango wa uani.

Akanusa na yeye. Muda mrefu. Akauliza, "Kimebaki kiasi gani kwenye hicho kichupa?"

Nikamwachia. Usiku nimemwandikia wifi aniletee chengine akija Rajabu, na kama anaweza aniletee na hojari robo kilo, mweupe mtupu, usiochanganywa na mwekundu.